Giro Isiyo na Nyama katika Pwani ya Ziwa Mweru

Giro, yaani mkate laini wa Kigiriki unaokunjwa kuzunguka vipande vyembamba vya nyama, nyanya, kitunguu na mchuzi mzito wa mtindi, ni chakula ambacho sehemu kubwa ya utamu wake haitokani na nyama yenyewe bali na namna nyama hiyo inavyokatwa, inavyokolezwa viungo na inavyounguzwa kingo mbele ya moto. Kwa hiyo mpishi wa Nchelenge, mji wa Zambia ulio ukingoni mwa Ziwa Mweru katika Mkoa wa Luapula, anayetaka kuiandaa kwa mimea mitupu, bila nyama, samaki, mayai wala maziwa, hana haja ya kuagiza nyama bandia kutoka viwanda vya mbali. Karanga, muhogo, uyoga na soya vinamtosha. Zaidi ya hayo, upishi wa chikanda, ambao akina mama wa Luapula wanaujua tangu utotoni, umekwisha kutatua tatizo lililo gumu kuliko yote katika kazi hii, nalo ni kupata kitu kisicho nyama ambacho hukatika vipande vyembamba bila kumomonyoka na hustahimili kikaango cha moto.

Ni vema kwanza kueleza jinsi giro ya asili inavyotengenezwa, kwa kuwa mpishi asiyeelewa kazi ya kila hatua hawezi kujua ni ipi ya kuibadilisha na ni ipi ya kuiacha kama ilivyo. Matabaka ya nyama iliyolowekwa katika viungo hupangwa juu ya chuma kilichosimama wima, chuma hicho huzungushwa polepole mbele ya moto, na muuzaji hukwangua kwa kisu kirefu sehemu ya nje iliyoiva huku ya ndani ikiendelea kupata joto. Mtindo huu ni ndugu wa shawarma inayouzwa Muscat, Zanzibar na Dar es Salaam, na wote wawili ni watoto wa doner kebabu ya Kituruki iliyositawi katika karne ya 19. Mtindo wa giro ulienea Ugiriki pamoja na wakimbizi wa Asia Ndogo waliohamishwa baada ya vita vya Ugiriki na Uturuki vilivyokwisha mwaka 1922 na makubaliano ya kubadilishana watu ya mwaka 1923, na leo Wagiriki hutumia zaidi nguruwe au kuku. Giro haipaswi kuchanganywa na suvlaki, ambayo ni mishikaki midogo ya kawaida, ingawa vyote viwili hukunjwa ndani ya mkate uleule wa pita.

Wagiriki si wageni kabisa katika eneo hili la maji. Kati ya vita viwili vya dunia, wafanyabiashara wa Kigiriki walikaa Kasenga, upande wa Kongo wa Mto Luapula unaoingia Ziwa Mweru, wakinunua samaki, wakiwahifadhi kwa barafu na kuwapeleka kwa malori hadi Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, kulisha wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Katanga. Biashara hiyo ilitajirisha wengi, lakini pia ilichangia kuporomoka kwa mpumbu, samaki wa mtoni aliyekuwa akivuliwa wakati akipanda mto kutaga mayai, na kufikia mwisho wa miaka ya 1940 uvuvi wake ulikuwa umekwisha kuanguka. Habari hii ina uzito kwa mpishi wa leo, maana serikali ya Zambia hufunga uvuvi katika maji mengi ya nchi, Mweru na Luapula yakiwamo, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na katika miezi hiyo mitatu kaya nyingi ambazo kitoweo chao cha kila siku ni samaki hulazimika kutafuta kingine. Kipindi hicho huangukia katikati ya msimu wa mvua, wakati uyoga wa porini unapojaa sokoni, kwa hiyo giro ya mimea huja kwa wakati wake. Tena Waadventista Wasabato, ambao ni wengi nchini Zambia, hawali nguruwe, Waislamu vivyo hivyo, na Wakatoliki wana Kwaresima yao. Mkate usio na nyama yoyote unaweza kuwekwa mbele ya watu hawa wote bila mtu kuulizwa dini yake.

Chikanda, ambayo mijini huitwa pia poloni ya Kiafrika kwa kuwa hufanana na soseji nene ya kukata vipande, hutengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi za porini, mimea ya maua ya jamii za Disa, Satyrium na Habenaria inayoota kwenye mbuga na mabonde yenye unyevu. Viazi hivyo hukaushwa na kutwangwa kuwa unga, karanga zilizotwangwa huchemshwa kwa maji, chumvi na pilipili, magadi huongezwa, kisha unga wa okidi hukorogwa ndani hadi mchanganyiko ugande kama ugali, na hatimaye sufuria hufunikwa na makaa kuwekwa juu ya kifuniko ili sehemu ya juu iive sawa na ya chini. Unga wa okidi una ute unaovimba ukipata maji na kushika kila kitu pamoja. Wagiriki na Waturuki nao wanaujua uwezo huo, kwani salepi, kinywaji chao kizito cha moto kinachouzwa mitaani wakati wa baridi, hutokana na viazi vya okidi za kwao.

Mpishi atakayekata chikanda ya kawaida vipande vya unene wa milimita nne, akavikaanga kwa mafuta kidogo hadi kingo zikauke na kuwa za kahawia, tayari ana nusu ya giro mkononi. Hata hivyo, makala haya hayashauri chikanda ya okidi iwe chakula cha kila wiki, na sababu yake ni nzito. Mchimbaji huchukua kiazi kipya ambacho mmea ulikuwa umekiweka akiba kwa msimu ujao, na mmea wenyewe hufa. Mahitaji ya miji ya Zambia yamekua kiasi kwamba mabonde mengi ya nchi yamechimbwa hadi kuisha, na wafanyabiashara wamekuwa wakivuka mpaka kwenda Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, hususan maeneo ya Makete na pembezoni mwa Kitulo, uwanda ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu na uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya maua yake. Okidi zote za porini ziko chini ya mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ujulikanao kwa kifupi kama CITES, hivyo kuvusha viazi vyake mpakani bila kibali ni kosa. Ziwa limekwisha kumpoteza mpumbu. Si haki mabonde nayo yapoteze maua yake kwa ajili ya mkate wa kukunja. Chikanda halisi na ibaki chakula cha harusi na sikukuu, na kwa siku nyingine utaratibu wake uleule wa kupika utumike kwa gundi ya aina nyingine.

Gundi hiyo ipo kila nyumba ya Nchelenge, nayo ni unga wa muhogo. Yeyote aliyewahi kuacha ugali wa muhogo usiku kucha anajua jinsi unavyokaza na kuvutika ukipoa, na tabia hiyo, ambayo mezani huonekana kuwa kasoro, ndiyo inayotakiwa hapa. Kwa mkate mmoja wa giro unaotosha watu wanane, na neno mkate hapa lina maana ya bonge la kukatwa vipande, huhitajika gramu 250 za karanga zilizotwangwa laini, gramu 250 za unga wa muhogo, gramu 300 za uyoga mbichi, gramu 100 za soya kavu ya vipande, vitunguu viwili, punje sita za kitunguu saumu na maji yapatayo mililita 700. Soya ya vipande ni unga wa soya uliokamuliwa mafuta na kushindiliwa na mashine hadi ukawa kama sifongo. Karibu nusu ya uzito wake ni protini, na haina ladha yoyote mpaka ipewe.

Soya hulowekwa kwanza katika maji ya moto yenye chumvi kwa robo saa, kisha hukamuliwa kwa nguvu kwa viganja viwili. Ukamuaji huu ndio unaopuuzwa mara nyingi, na ndio unaofanya watu wengi waamini kwamba soya ni chakula cha adhabu, kwa kuwa kipande kilichojaa maji hakina nafasi ya kunywa viungo na hutoa harufu ya maharage mabichi kila kinapotafunwa. Baada ya kukamuliwa, soya hukatwakatwa ndogo na kuchanganywa na maji ya ndimu, chumvi na viungo. Uyoga nao hukatwa na kukaangwa peke yake kwenye kikaango kikavu hadi maji yake yote yatoke na kukauka, ndipo mafuta na kitunguu huongezwa; mpishi anayetia mafuta mapema huishia kuuchemsha katika maji yake wenyewe.

Karanga huchemshwa katika zile mililita 700 za maji pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi na pilipili kiasi cha kupenda, kwa dakika kumi na tano hadi ishirini, na mpishi asiondoke jikoni wakati huo kwa sababu povu la karanga hupanda ghafla na kumwagika. Uyoga, soya, kitunguu saumu kilichopondwa na viungo vingine huingizwa, moto hupunguzwa, kisha unga wa muhogo hunyunyizwa kidogo kidogo huku mwiko ukizungushwa bila kupumzika, hadi mchanganyiko uache kushika kuta za sufuria. Juu yake hupakwa mafuta, kifuniko cha chuma huwekwa, na makaa machache husambazwa juu ya kifuniko huku machache yakibaki chini. Baada ya dakika arobaini hadi hamsini sehemu ya juu huwa imekauka na kupata rangi, na kisu kikichomekwa katikati hutoka bila uji. Hatua inayofuata haina kazi ya mikono lakini haina njia ya mkato: bonge hilo lipoe kabisa, ikiwezekana tangu jioni hadi asubuhi, maana likikatwa moto litapasuka na kushikamana na kisu. Lililopoa vizuri hukatwa kwa kisu kilicholoweshwa maji, vipande vyembamba kadiri mkono unavyoweza.

Uyoga unastahili maelezo ya pekee, kwa kuwa ndio unaoleta ule utamu mzito wa supu ambao walaji wa nyama huulilia zaidi wanapokosa nyama. Misitu ya miombo, yaani misitu ya miti ya Brachystegia, Julbernardia na jamaa zake inayofunika sehemu kubwa ya Zambia, Katanga na magharibi mwa Tanzania, ni miongoni mwa maeneo tajiri zaidi duniani kwa uyoga unaolika. Aina nyingine, kama ule wa rangi ya manjano wenye umbo la tarumbeta, huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti hiyo. Nyingine hulimwa na mchwa ndani ya vichuguu, na mkubwa kuliko wote wa kundi hilo, ambao kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja, ulipewa jina la kisayansi la Termitomyces titanicus mwaka 1980 kutokana na vielelezo vya Zambia. Uyoga wa mchwa ndio bora zaidi kwa giro. Nyama yake ni ya nyuzinyuzi, huchanika kwa mkono kufuata urefu wa shina, na ukikaangwa kwa moto mkali huwa na ukinzani wa jino unaofanana na kuku, kiasi kwamba katika wiki zake chache za msimu mpishi anaweza kuacha kabisa soya na bonge la muhogo, akatumia uyoga mtupu uliochanwa, ukakamuliwa chini ya sufuria nzito na kukaangwa pande zote mbili.

Pamoja na sifa hizo zote, uyoga wa porini huua. Kundi la Amanita, ambalo lina aina moja inayopendwa sana Zambia, lina pia ndugu zake wenye sumu inayoharibu ini, na sumu hiyo haiondolewi kwa kuchemsha, kukausha wala kutia chumvi. Majaribio ya kienyeji ya kutumbukiza sarafu ya fedha au kitunguu saumu sufuriani kuona kama kitabadilika rangi hayana maana yoyote na yafaa yaachwe. Dalili huchelewa, mara nyingi saa sita hadi kumi na mbili au zaidi baada ya kula, zikianza na kutapika na kuhara, kisha mgonjwa huonekana kupata nafuu wakati ini linaendelea kuharibika. Kwa hiyo yeyote anayeugua baada ya kula uyoga apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama amepata nafuu, na mabaki ya uyoga yabebwe pamoja naye. Asiyezaliwa katika kuchuma uyoga anunue kwa wachumaji wanaojulikana kwa miaka mingi na soko zima, anunue aina ambazo wao wenyewe wanawapikia watoto wao, na asiwaombe wamletee aina mpya. Nje ya msimu, uyoga uliokaushwa hufaa vizuri katika bonge, na maji yake ya kulowekea hayamwagwi bali huchujwa mchanga na kutumika badala ya sehemu ya maji ya karanga, kwa kuwa yana ladha kuliko uyoga wenyewe.

Jambo moja kuhusu moto haliwezi kupitwa kimya. Mkaa unaowashwa kwenye jiko, ambalo Zambia huitwa mbaula, hutokana kwa sehemu kubwa na miti ileile ya miombo ambayo bila mizizi yake uyoga wa manjano na wa Amanita hauoti, na kila eneo linalofyekwa kwa mkaa hupoteza mavuno ya uyoga kwa miaka mingi. Mpishi hawezi kumaliza tatizo hilo peke yake, lakini anaweza kulipunguza, kwani upishi ulioelezwa hapa unahitaji makaa machache ya polepole na si jiko lililofurika. Magunzi ya mahindi na vijiti vikavu vya muhogo vinatosha kwa hatua ya kuchemsha karanga.

Vipande vikishakatwa, kinachobaki ni kuvipa ile hali ya kuungua kidogo ambayo giro ya chuma kinachozunguka huipata bila juhudi. Rangi ya kahawia na harufu ya kuchoma hutokana na protini na sukari kuungana kwenye joto kali, mmenyuko unaobeba jina la Louis-Camille Maillard, mkemia Mfaransa aliyeueleza mwaka 1912. Mmenyuko huo huenda polepole mno mahali penye maji, kwa kuwa maji hayapiti nyuzi 100 na mmenyuko wenyewe hupendelea joto la zaidi ya nyuzi 140; ndiyo sababu kikaango kinatakiwa kiwe cha chuma kizito, kiwe moto kabla vipande havijawekwa, na vipande visirundikwe. Karanga na soya vina protini ya kutosha kuleta rangi hiyo, muhogo mtupu hauna, na hapo ndipo ilipo tofauti kati ya bonge hili na ugali wa kukaanga. Vipande vikishageuka rangi, hunyunyiziwa siki au ndimu wakati vingali kikaangoni, kisha huondolewa mara moja.

Katika viungo, kinachotambulisha giro ni oregano, jani la milima ya Mediterania ambalo halipatikani kwa urahisi kando ya Mweru. Thaimu kavu inayouzwa katika maduka ya mjini hukaribia sana, na kivumbasi cha porini kinaweza kutumika kwa uangalifu, kwani baadhi ya aina zake zina thaimoli, mafuta yaleyale ya kunukia yaliyo katika thaimu na yanayopatikana pia katika oregano, wakati aina nyingine hunuka karafuu na zingeharibu kila kitu. Jani lisuguliwe viganjani na kunuswa kabla ya kutiwa. Pilipili manga, bizari nyembamba kidogo na giligilani ya kusaga hukamilisha, na ni kosa kuongeza binzari ya pilau yenye mdalasini na iliki kwa matumaini ya kuzidisha ladha.

Mchuzi wa asili wa giro ni zaziki, mtindi mzito uliochanganywa na tango, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Wapishi wengi wa mimea mitupu hutafuta mtindi wa soya, ambao ni ghali na mgumu kupatikana nje ya miji mikubwa, ilhali Wagiriki wenyewe wana jawabu katika siku zao za mfungo. Kanisa la Kiorthodoksi huwataka waumini waache nyama, maziwa na mayai kwa sehemu kubwa ya mwaka, na unaoruhusiwa katika mfungo huo ni mchuzi uitwao skordalia, ambao ni kitunguu saumu kilichopondwa pamoja na viazi au mkate mkavu, wakati mwingine lozi au jozi, mafuta na siki. Kwa Nchelenge, nafasi ya lozi huchukuliwa na karanga: gramu 150 huchemshwa kwa robo saa, huondolewa maganda, hupondwa hadi kulainika kabisa pamoja na punje mbili za kitunguu saumu, na hulegezwa kwa maji ya uvuguvugu, maji ya ndimu mbili na vijiko viwili vya mafuta hadi kufikia uzito wa mtindi. Tango hukwaruzwa, hutiwa chumvi, huachwa kwa dakika kumi, hukamuliwa na kuchanganywa mwishoni. Mafuta ya mawese mekundu yasitumike hapa, kwa kuwa ladha yake hufunika ndimu, lakini ni mazuri sana katika kukaanga vipande.

Karanga zichambuliwe kwa macho makali kabla ya kutwangwa. Punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu hubeba aflatoksini, sumu ya ukungu inayoharibu ini na kusababisha saratani yake, ambayo haiishi kwa kuchemsha wala kukaanga kwa jikoni. Punje hizo zitupwe, wala wasipewe kuku. Karanga zilizokwisha kusagwa na mtu asiyejulikana ni afadhali zisinunuliwe, kwa sababu unga hauonyeshi punje zilikuwaje.

Mkate wa pita wa giro hauna mfuko ndani kama ule wa Kiarabu. Ni mnene kidogo kuliko chapati, laini, na hukunjwa bila kukatika. Gramu 400 za unga wa ngano na gramu 100 za unga wa muhogo huchanganywa na kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kikubwa cha sukari, gramu 7 za hamira, vijiko viwili vikubwa vya mafuta na maji ya uvuguvugu yapatayo mililita 310, hukandwa kwa dakika kumi na kuachwa saa moja hadi uumuke. Muhogo usizidi sehemu hiyo moja kwa tano, kwa kuwa hauna ile protini ya ngano inayoufanya unga uvutike, na ukizidi mkate hupasuka unapokunjwa. Madonge manane husukumwa kwa unene wa nusu sentimita na kupikwa juu ya kikaango kikavu kwa dakika mbili kila upande, kisha mikate hufunikwa kwa kitambaa ili mvuke uilainishe.

Kukunja ni kazi ya dakika moja. Mchuzi hupakwa katikati, vipande vya moto hupangwa, nyanya na kitunguu kibichi kilichopitishwa kwenye chumvi na kukamuliwa huongezwa, na chipsi chache huwekwa ndani, kama Wagiriki wanavyofanya. Chipsi za muhogo mtamu uliochemshwa kwanza ni bora kuliko za viazi.

Kuhusu afya, kuna mambo mawili ambayo mwenye kupika chakula hiki kwa familia lazima ayazingatie. La kwanza ni muhogo. Aina chungu zinazolimwa sana Luapula zina sayanidi, na ndiyo maana hulowekwa siku tatu hadi tano, humenywa, huanikwa na kutwangwa. Njaa au haraka ya kuuza inapofupisha uloweshaji, sumu hubaki. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na moja kwa moja, umewapata watu katika Kongo na pia huko Tarime, mkoani Mara, katikati ya miaka ya 1980, mahali ambapo muhogo usioandaliwa vizuri uliliwa kwa wingi pamoja na chakula chenye protini haba, maana mwili huhitaji amino asidi zenye salfa ili kuiondoa sayanidi. Miezi ya kufungwa uvuvi ni miezi ambayo protini hupungua katika sahani, kwa hiyo karanga na soya za giro hii zisipunguzwe kwa ajili ya kubana matumizi, na unga wa muhogo ununuliwe kwa mtu ambaye uloweshaji wake unajulikana.

La pili ni vitamini B12, inayohitajika kwa damu na neva, ambayo haimo katika karanga, muhogo, soya wala uyoga kwa kiasi cha kutegemewa. Mtu mzima anayekula giro hii mara mbili kwa wiki na samaki siku nyingine hana la kuhofia. Anayeacha kabisa vyakula vyote vya wanyama, hususan mama mjamzito au anayenyonyesha, anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, na watoto wadogo wa pwani hii wasinyimwe chisense, dagaa wa Mweru, kwa sababu tu wazazi wamependa mlo wa mimea.

Kwa wale wanaofikiria kuuza, tuseme katika kituo cha mabasi au karibu na soko la Kashikishi, jirani na Nchelenge, ambako abiria na wachuuzi hupita tangu alfajiri, bonge huandaliwa jioni na pita asubuhi, mchuzi hutengenezwa kidogo kidogo mara mbili kwa siku kwa kuwa karanga zilizolowana huchacha upesi kwenye joto la ziwani, na vipande hukaangwa pale mteja anapoagiza na si kabla. Bonge lisilokatwa, likifunikwa kwa kitambaa kisafi mahali pa baridi, hudumu hadi jioni ya siku inayofuata. Likianza kuteleza juu au kunuka uchachu, litupwe, na siku inayofuata kiasi kinachopikwa kipunguzwe.